Anwani Tano, Rauta Moja: Ushauri kwa Aliyenunua IP za Umma Kisumu

Wengi wanaolipia anwani kadhaa za IP za umma nyumbani hukutana na jambo lile lile wiki ya kwanza: anwani moja inafanya kazi, zilizobaki zimelala. Fundi wa kampuni amekuja, ameunganisha faiba, amekuachia karatasi yenye namba tano, amekwenda zake. Unaingiza namba ya kwanza kwenye rauta, intaneti inawaka. Unatafuta pa kuingiza ya pili, hupaoni, kwa sababu ukurasa wa rauta una nafasi moja tu. Unapiga simu huduma kwa wateja, unaambiwa upande wao kila kitu kiko sawa. Na mara nyingi ni kweli, kiko sawa. Tatizo liko ndani ya nyumba.

Ushauri wote wa makala hii unasimama juu ya swali moja ambalo wauzaji hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi: anwani hizo zinafikaje kwako? Ukishalijua jibu, yanayobaki ni hesabu ndogo na subira. Usipolijua, unaweza kukesha na rauta ya bei kubwa na usiambulie kitu.

Kwanza, je, unazihitaji?

Anwani za IPv4, aina hii unayouziwa, ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na zimekwisha. Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho kwa masjala za kanda. AFRINIC, masjala ya Afrika yenye makao yake Ebene, Morisi, ilianza kubana ugavi Aprili 2017, ikabana zaidi Januari 2020. Katika awamu hiyo ya pili, kampuni ya intaneti haipewi zaidi ya anwani 1,024 kwa ombi moja. Ndiyo maana wateja wengi wa nyumbani hurundikwa nyuma ya anwani moja, na anayetaka za kwake hulipia kila mwezi.

Hali hiyo tunaifahamu kupitia sanduku la posta. Shule nzima hutumia sanduku moja la Kisumu 40100, na barua ikifika lazima kuwe na mtu wa kujua ni ya mwalimu yupi. Kazi hiyo ndiyo inayofanywa na rauta, na mafundi huiita NAT: vifaa vyote vya ndani hutoka kwa anwani moja, na majibu yakirudi rauta hukigawia kila kimoja jibu lake. Familia ikitazama filamu na kutuma ujumbe, anwani moja yatosha kabisa.

Hata mahitaji mengi yanayoonekana makubwa hutoshelezwa na moja. Tovuti kumi zinaweza kukaa nyuma ya anwani moja, kwa sababu seva hutambua jina la tovuti inayoombwa. Ukitaka kutazama kamera za nyumba ukiwa Nairobi, unachohitaji ni VPN ya nyumbani kama WireGuard, nayo hutumia poti moja ya anwani moja. Mfanyabiashara wa samaki wa Dunga anayetaka mfumo wake upokee taarifa za malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha mifumo, anahitaji tovuti moja inayofikika kutoka nje, basi.

Anwani zaidi ya moja huwa na maana katika hali chache. Una huduma mbili zinazong'ang'ania poti ile ile na haziwezi kutenganishwa kwa jina, kwa mfano seva mbili za simu za intaneti. Una mshirika, tuseme benki, anayeruhusu mfumo wake ufikiwe na anwani moja maalumu, nawe hutaki wageni wako watoke kwa anwani hiyo hiyo. Unaendesha seva ya barua pepe na unataka sifa yake ibaki safi. Au una mpangaji anayehitaji anwani yake mwenyewe. Hali yako ikiwa haimo humu, okoa fedha zako.

Swali la kuuliza kabla ya kulipa

Kampuni inaweza kukuletea fungu la anwani kwa njia mbili. Ya kwanza, anwani zote zinaning'inia kwenye waya wenyewe. Chukua fungu la anwani nane, lile linaloandikwa /29 na kuambatana na namba 255.255.255.248. Anwani ya kwanza ni jina la fungu, ya mwisho ni ya kutangazia vifaa vyote, na moja ni ya lango la kampuni. Unabakiwa na tano. Kila mara data ya mojawapo ya hizo tano inapofika, kifaa cha kampuni huuliza kwenye waya: nani mwenye anwani hii? Wito huo huitwa ARP. Rauta yako isipoitikia, data hutupwa, na wewe huoni kosa lolote popote. Huu ndio ugonjwa wa zile anwani zilizolala: mtu ameandika kanuni nzuri za kuelekeza anwani ya pili kwenye seva, lakini hajaiambia rauta kwamba anwani hiyo ni yake, kwa hiyo haiitikii.

Njia ya pili, kampuni hukupa anwani moja ya kuunganisha, kisha hupitisha fungu zima kuelekea anwani hiyo. Hapa hakuna anayeita. Kila kitu cha fungu kinasukumwa mlangoni kwako, ukitake usikitake, na unaweza kutumia hata ile ya kwanza na ya mwisho kwa kazi za NAT, yaani zote nane. Ukiona karatasi yako ina jina la mtumiaji na nywila za PPPoE, kuna uwezekano mkubwa kwamba umepewa njia hii ya pili.

Kwa hiyo muulize mhandisi wa kampuni, si muuzaji: «Fungu langu liko kwenye waya, au linapitishwa kuelekea anwani ya kuunganisha?» Kisha ongeza maswali manne. Lango ni namba gani? Kisanduku cha faiba kinaweza kuwekwa katika hali ya briji? Mtaniwekea jina la kinyume la anwani (reverse DNS) nikiwa na seva ya barua? Kuna poti mnazozifunga, hasa ile ya 25 ya kutumia barua pepe? Majibu yaje kwa maandishi. Asiyeuliza huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Kabla ya kukubali fungu, zipitishe anwani zote kwenye orodha za Spamhaus na nyinginezo za watuma barua taka. Anwani ni adimu, na hiyo yako huenda ilikuwa na mtu mwingine kabla yako. Ukiikuta imechafuliwa, omba nyingine mapema.

Kisanduku ukutani na rauta yako

Kile kisanduku cheupe ambacho faiba huingilia kina rauta ndani yake, na kwa kawaida hufanya NAT chenyewe. Ukichomeka rauta yako nyuma yake bila kubadilisha kitu, utakuwa na NAT mbili, na anwani zako za umma zitaishia ukutani. Huwezi kukitupa, kwa kuwa mtandao wa kampuni humtambua mteja kwa namba ya kisanduku hicho. Dawa ni kuomba kiwekwe katika hali ya briji, kiwe daraja tu, na rauta yako ndiyo iwe mwenye nyumba.

Hakikisho ni rahisi. Fungua ukurasa wa rauta yako, tazama anwani iliyo upande wa nje. Ikianza na 192.168 au 10, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, hiyo ni anwani ya ndani. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya NAT ya kampuni yenyewe. Katika hali zote hizo, usiendelee mpaka kampuni irekebishe.

Rauta nyingi za kawaida zina nafasi moja ya anwani ya nje, na zile kurasa zao za kuelekeza poti huhusu anwani hiyo moja tu. Unahitaji kifaa kinachokubali anwani kadhaa upande wa nje na NAT ya anwani moja kwa kifaa kimoja (1:1). MikroTik ndogo ya hEX inaweza, TP-Link ER605 inaweza, na kompyuta ya zamani yenye kadi mbili za mtandao ikiwekewa pfSense au OPNsense inaweza pia. Usivutwe na idadi ya antena. Wi-Fi ni kazi nyingine, na rauta ya zamani unaweza kuigeuza iwe ya kusambaza Wi-Fi tu.

Kugawa kazi

Tuseme una nyumba Mamboleo. Familia iko sebuleni na simu zao. Chumba cha nje ni ofisi ya uhasibu yenye seva ya faili. Nyuma kuna vyumba vya wageni vyenye Wi-Fi yao. Fungu lako liko kwenye waya: 203.0.113.8/29, lango ni .9, nawe una .10 hadi .14. (Namba hizi zimetengwa na wahandisi kwa ajili ya mifano, usizinakili kama zilivyo.)

Kabla ya kugusa kompyuta, chukua karatasi uandike kila anwani na kazi yake. Ya .10 ni ya rauta yenyewe na familia. Ya .11 ni ya seva ya ofisi. Ya .12 ni ya wageni kutokea tu, na hakuna anayeingia kupitia hapo. Ya .13 ni ya seva ya simu. Ya .14 haina kazi, iache bila kuiwasha.

Mantiki ya kuwapa wageni anwani yao ni hii: mgeni mmoja akija na kompyuta yenye virusi vinavyotuma barua taka usiku kucha, itakayoingia kwenye orodha mbaya ni .12. Barua za ofisi na miunganisho ya benki haziguswi.

Sasa kwenye rauta. Mfano huu ni wa MikroTik, lakini hatua ni zile zile kwenye vifaa vingine:

/ip address add address=203.0.113.11/29 interface=ether1
/ip firewall nat add chain=dstnat dst-address=203.0.113.11 protocol=tcp dst-port=443 action=dst-nat to-addresses=192.168.10.11
/ip firewall nat add chain=srcnat src-address=192.168.10.11 out-interface=ether1 action=src-nat to-addresses=203.0.113.11

Mstari wa kwanza unaifanya rauta iitikie wito wa ARP. Fungu likiwa la kupitishwa, mstari huu huuhitaji. Wa pili unampokea anayeingia kwa poti ya 443 na kumpeleka kwenye seva. Wa tatu ndio husahauliwa zaidi: unahakikisha seva ikitoka, inatoka kwa .11 na si kwa .10. Bila huo, benki iliyoruhusu .11 itaona mgeni asiyemjua na kumfukuza.

Na hapa pana mtego. Rauta husoma kanuni kutoka juu kwenda chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inayotumika. MikroTik mpya huja na kanuni moja ya masquerade inayokubali kila kinachotoka, na kanuni unazoongeza hukaa chini yake. Ule mstari wa tatu hautafikiwa kamwe mpaka uuburute juu ya masquerade. Afadhali zaidi, ukishaweka anwani nyingi, iondoe masquerade ya laini hiyo na uandike wazi kwamba familia inatoka kwa .10 na wageni kwa .12. Usiiachie rauta ichague.

Kwenye pfSense majina hubadilika tu: unaongeza anwani kama Virtual IP ya aina ya IP Alias, kisha unaandika kanuni za kuingilia na za kutokea.

Funga kabla ya kufungua

Anwani ya umma hugongwa ndani ya dakika chache tangu iwake. Anayegonga ni programu inayopita anwani zote za dunia kwa zamu, ikijaribu nywila za kiwandani. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka mamia ya maelfu ya kamera, rekoda za CCTV na rauta kwa njia hiyo hiyo, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la vifaa vya majumbani lilitumika kuiangusha kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikihudumia majina ya tovuti nyingi, na Twitter na Netflix zikayumba pamoja nayo. Mwaka 2018 ilikuwa zamu ya rauta za MikroTik: kasoro ya Winbox, programu ya kuziongozea, ilikuwa imeshatolewa dawa mwezi Aprili, lakini rauta ambazo wenyewe hawakuzisasisha zilitekwa kwa wingi na kutumiwa kuchimba sarafu za kidijitali.

Basi shika haya. Usikipe kifaa anwani nzima kama kinahitaji poti moja. Rekoda ya CCTV isiwekwe kwenye anwani ya umma hata siku moja, ifikie kwa VPN. Ukurasa wa kuongozea rauta ufunguke kutoka ndani tu, na kumbuka kwamba sasa rauta ina milango kadhaa ya nje, kwa hiyo kanuni ya kuzuia lazima iguse laini yote na si anwani ya kwanza peke yake. Badilisha nywila kabla ya kuchomeka waya wa nje. Sasisha programu ya rauta siku hiyo hiyo, kisha jiwekee desturi ya kuisasisha. Wageni wakae kwenye mtandao wao, wasiweze kuiona seva ya ofisi.

Mwenye vyumba vya wageni au ofisi ya uhasibu ana sababu ya ziada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamdai anayeshika taarifa za watu azilinde. Picha za wageni na hesabu za wateja ni taarifa za watu, na kutojua kwamba poti ilikuwa wazi hakutakuwa utetezi wa maana.

Kupima

Kosa la kawaida ni kupima ukiwa umeunganishwa na Wi-Fi ya nyumbani. Seva ikiombwa kwa anwani yake ya umma kutoka ndani, majibu hupita njia ya mkato na mazungumzo yanakatika, hata kama watu wa nje wanaingia vizuri. Zima Wi-Fi ya simu, tumia bando, kisha jaribu. Ukitaka jina lile lile lifanye kazi ndani na nje, iambie DNS ya rauta iwape watu wa ndani anwani ya ndani ya seva.

Pima na upande wa kutoka. Ukiwa kwenye seva, fungua tovuti yoyote inayoonyesha IP yako, lazima ione .11. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya wageni, lazima ione .12. Usishangae tovuti hizo zikisema uko Nairobi. Zinafuata kumbukumbu za kampuni, na kampuni huandikisha anwani zake ilipo ofisi.

Ukibadilisha rauta na anwani zikanyamaza, huenda kifaa cha kampuni bado kinaikumbuka rauta ya zamani. Subiri kidogo, kisha kutoka kwenye rauta mpya tuma ping kuelekea lango ukitumia kila anwani kwa zamu. Ikishindikana, waombe wafute kumbukumbu ya ARP ya laini yako.

Umeme, radi na laini ya akiba

Kisumu ni nchi ya radi. Mvua za ziwa hupiga usiku juu ya maji na alasiri huku nchi kavu, na faiba yenyewe haipitishi umeme, lakini waya wa stima na nyaya za mtandao zinazokwenda kwenye kamera za nje hupitisha. Weka kinga ya umeme kwenye soketi, na kamera za getini zipitie swichi yao, zisichomekwe moja kwa moja kwenye rauta. UPS ndogo ya volti 12 hubeba kisanduku na rauta kwa saa kadhaa stima zikipotea. Na ukimaliza kupanga kila kitu, hifadhi nakala ya mipangilio kwenye flashi nje ya nyumba. Radi ikila rauta, utanunua nyingine na kurejesha kazi yote kabla chai haijapoa.

Jambo moja watu hulielewa kwa kuchelewa: anwani hizo ni za kampuni, si zako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini na intaneti ya Kenya ikasuasua, waliokuwa na laini ya pili walihamia huko. Lakini anwani za laini ya kwanza hazihami. Utaweza kutoka, ila wanaokutafuta kwa .11 hawatakupata. Ukihama kampuni ni vivyo hivyo. Kwa hiyo wape watu jina, siyo namba, na jina hilo lipe muda mfupi wa kukumbukwa kwenye DNS ili uweze kulielekeza kwingine haraka.

Walio mbali na faiba

Huko Usenge, Mbita au Rusinga, wengi wanategemea Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, au intaneti ya simu. Kifurushi cha nyumbani cha Starlink kiko nyuma ya NAT ya kampuni, ile ya 100.64, na hata vifurushi vya biashara havikupi fungu la anwani tuli. Usipigane na rauta. Kodi seva ndogo kwenye kituo cha data kinachouza anwani za ziada, unganisha nyumba na seva hiyo kwa WireGuard, kisha pitisha anwani hizo ndani ya njia hiyo mpaka kwako. Kwa rauta yako, hilo ni fungu la kupitishwa, na kanuni ni zile zile. Faida yake ni kwamba ukihama nyumba au kampuni, anwani zinakufuata. Hasara ni kwamba kila kitu kinazunguka kupitia kituo hicho, kwa hiyo chagua kilicho karibu.

Starlink pia hutoa IPv6, aina mpya ya anwani, na huko kila kifaa kina anwani yake ya umma bila NAT yoyote. Itumie kwa wanaoweza kukufikia kwa IPv6, lakini hakikisha ukuta wa ulinzi umewashwa upande huo pia. Wapo waliofunga IPv4 kwa makufuli matatu wakaiacha IPv6 wazi.

Karatasi ya mwisho

Mpangilio usioandikwa hufa na aliyeupanga. Chapisha ukurasa mmoja: anwani na kazi zake, poti zilizo wazi na sababu yake, lango, aina ya fungu, jina la anayepigiwa simu kwenye kampuni. Nywila ziwe mahali pengine. Ukurasa huo umfae fundi yeyote utakayemwita siku ambayo uko safarini.

Kisha, kila baada ya miezi sita, upitie mstari kwa mstari. Poti ambayo hakuna anayekumbuka kwa nini iko wazi, ifunge usikilize nani atalalamika. Anwani isiyo na kazi, irudishe kwa kampuni na uache kuilipia. Wengi wakifanya hesabu hiyo kwa uaminifu hubakiwa na mbili, na mambo yao yote yanaendelea kama kawaida.